Mtunza Hesabu wa Kijijini: Jinsi ya Kupata Wateja wa Kwanza

Umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Unajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Labda umejifunza pia kuandika kitabu cha fedha na kutoa stakabadhi. Sasa jiulize: je, elimu hii inaweza kukupatia riziki hapa hapa kijijini?

Inaweza. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tazama kijiji chako. Kuna duka, kuna mashine ya kusaga, kuna kikundi cha kuweka na kukopa, kuna mama anayenunua mpunga wakati wa mavuno na kuuza wakati wa njaa. Wote hawa wana mali. Wengi wao hawana daftari. Mtu anayejua kuwatunzia hesabu anaweza kujiajiri kwa kazi hiyo.

Lakini kujua kazi ni jambo moja, na kupata wa kukupa kazi ni jambo jingine. Katika somo hili tutaeleza namna mtunza hesabu mpya anavyoweza kupata mteja wake wa kwanza, kisha wa pili na wa tatu. Tutaeleza pia mambo yanayoweza kuiua kazi hii kabla haijaota mizizi.

1. KAZI YENYEWE NI IPI?

Mtunza hesabu huandika mapato na matumizi ya mtu au kikundi. Huandika kila siku au kila wiki, kwa tarehe, bila kuruka. Huandika waliokopa na waliolipa. Huhifadhi stakabadhi. Mwisho wa mwezi humweleza mwenye mali mambo matatu: fedha ngapi ziliingia, fedha ngapi zilitoka, na zimebaki ngapi.

Angalia vizuri maneno haya: mtunza hesabu huandika fedha. Hatunzi fedha. Fedha ziko kwa mwenyewe, au zimo katika sanduku la kikundi, au ziko benki. Wewe shika kalamu, usishike fedha. Tutalirudia jambo hili mbele, maana ndilo litakalokulinda.

2. KWA NINI WATU HAWATAKUITA WENYEWE?

Utashangaa. Mwenye duka anapata hasara kwa kukosa daftari, na wewe unajua kuandika daftari, lakini hakuiti. Si kwamba hakuhitaji. Ana hofu. Ukizijua hofu zake utajua pa kuanzia.

Hofu ya kwanza ni siri kutoka nje. Mtu akijulikana ana fedha, ndugu huja kukopa na wezi huja usiku. Mtu akijulikana hana fedha, wanaomkopesha bidhaa humkimbia. Kwa hiyo kila mtu huficha hesabu zake.

Hofu ya pili ni kodi. Wengi hudhani kwamba kilichoandikwa ndicho kinachotozwa, na kisichoandikwa hakionekani.

Hofu ya tatu ni aibu. Mtu mzima aliyefanya biashara miaka kumi haoni vizuri kumwonyesha kijana kwamba hajui faida yake ni kiasi gani.

Hofu ya nne ni gharama. Atasema, "Nikulipe wewe kwa kuandika tu?"

Hofu hizi haziondolewi kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Huondolewa na imani, nayo hujengwa polepole, kwa mtu mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo usihangaike kutafuta wateja kumi kwa mara moja. Tafuta mmoja, umfanyie kazi safi. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

3. ANZA NA DAFTARI LAKO MWENYEWE

Kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, andika hesabu zako mwenyewe kwa muda wa miezi mitatu. Andika mauzo ya mahindi yako, kuku wako, vibarua ulivyofanya. Andika ulichonunua: mbegu, chumvi, sabuni, ada ya mtoto, vocha ya simu.

Kuna faida mbili. Kwanza, mkono wako utazoea. Pili, utakuwa na kitu cha kuonyesha. Mteja atataka kuona kazi yako. Huwezi kumwonyesha daftari la mtu mwingine, maana hiyo ni siri ya watu. Utamwonyesha la kwako.

Daftari hilo liwe safi. Fuata kanuni hizi:

(a) Andika kwa kalamu ya wino, si kwa penseli.
(b) Usichane ukurasa hata mmoja. Zipe kurasa zote namba kabla ya kuanza.
(c) Ukikosea usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, kisha andika tarakimu sahihi kando na utie saini.
(d) Andika siku ile ile jambo lilipotokea. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya.
(e) Kila matumizi yawe na stakabadhi. Pasipo na stakabadhi, andika hati ndogo yenye tarehe, kiasi, sababu, na saini ya aliyepokea.

4. MTEJA WA KWANZA AWE NANI?

Mteja wa kwanza awe mtu anayekujua. Awe anawajua wazazi wako, au amekuona darasani, au mnasali pamoja, au mnalima mashamba ya jirani. Mtu huyu tayari anajua kama wewe ni mkweli au si mkweli. Nusu ya kazi imekwisha.

Pia awe mtu mwenye fedha zinazoingia na kutoka kila siku. Mkulima anayeuza mazao mara moja kwa mwaka hahitaji mtunza hesabu wa kila wiki. Hawa ndio wa kuwafikiria kwanza:

- mwenye duka anayekopesha wateja
- mwenye mashine ya kusaga aliyemwajiri mtu wa kuiendesha
- mwenye duka la pembejeo au dawa za mifugo
- mnunuzi wa mazao wakati wa msimu
- wakala wa fedha za simu
- mwenye pikipiki aliyempa kijana aendeshe kwa hesabu ya siku

Katika orodha hii, mtu aliyemwajiri mwingine ndiye mwenye haja kubwa zaidi. Yeye hayupo kwenye mashine au kwenye pikipiki. Kila jioni hupokea fedha anazopewa, wala hajui kama ndizo zote. Daftari litamlinda yeye, na litamlinda pia mwajiriwa aliye mwaminifu asisingiziwe wizi.

Vyama vikubwa, kama chama cha ushirika cha msingi au chombo cha maji cha kijiji, usianze navyo. Vyama hivyo vina bodi na utaratibu wa kuajiri. Nafasi ikitangazwa, omba. Lakini usikae ukiingojea.

5. UTAZUNGUMZA NAYE VIPI?

Usiende wakati duka limejaa watu. Nenda mchana watu wakiwa wachache, au jioni wakati wa kufunga. Usianze kwa kumwambia kwamba hesabu zake ni mbovu. Muulize maswali, aone mwenyewe. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Mama, nimekuja kwa mazungumzo kidogo. Watu wanaokopa hapa dukani unawaandika?"

"Wengine nawaandika kwenye kipande cha boksi. Wengine nawakumbuka."

"Na leo hii, ukiwajumlisha wote, wanadaiwa kiasi gani?"

"Mh! Wengi tu. Siwezi kujua."

"Mama, mimi nimejifunza kutunza hesabu. Nikuombe kitu kimoja. Jumamosi hii nije tukae saa mbili, tuandike wadeni wako wote katika daftari moja, kila mtu na ukurasa wake. Daftari litabaki kwako. Kazi hiyo sikutozi. Ukiona ina faida, tutazungumza."

Angalia yaliyofanyika hapo. Hukuomba kuona fedha zake. Hukuuliza faida yake. Umeanza na jambo moja dogo linalomuumiza, yaani madeni, na umemwachia daftari. Hofu ya siri imepungua. Jumamosi akiona jumla ya madeni yake yote, yeye mwenyewe atauliza, "Na hili la mapato na matumizi utaanza lini?"

Lakini kazi ya bure iwe hiyo moja tu, na iwe na mwisho unaojulikana. Kazi ya bure isiyo na mwisho huzaa dharau.

6. UKURASA WA MFANO

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Bei zilizomo ni za mfano tu. Kitabu cha fedha cha siku tatu kinaweza kuwa hivi:

Jumatatu: Salio la kuanzia, sh. 20,000
Jumatatu: Kusaga madebe 18 kwa sh. 1,500. Mapato sh. 27,000. Salio sh. 47,000
Jumatatu: Dizeli lita 5 kwa sh. 3,000. Matumizi sh. 15,000. Salio sh. 32,000
Jumanne: Kusaga madebe 22 kwa sh. 1,500. Mapato sh. 33,000. Salio sh. 65,000
Jumanne: Malipo ya mwendesha mashine, siku mbili. Matumizi sh. 10,000. Salio sh. 55,000
Jumatano: Mwenye mashine amechukua za nyumbani, sh. 15,000. Salio sh. 40,000

Sasa hesabuni fedha zilizomo sandukuni. Zikiwa shilingi 40,000, daftari na sanduku vinakubaliana. Zikiwa shilingi 34,000, kuna shilingi 6,000 hazijulikani zilipo. Tafuteni siku hiyo hiyo, kabla watu hawajasahau. Huenda zimeibwa, lakini huenda pia kuna matumizi ambayo hayakuandikwa.

Kuna jambo la pili katika ukurasa huu. Mashine imeingiza shilingi 60,000. Imetumia dizeli na malipo ya mwendeshaji, jumla shilingi 25,000. Imebakiza shilingi 35,000. Lakini mwenye mashine anapotazama sanduku haoni shilingi 35,000 zilizoongezeka. Anaona zimeongezeka 20,000 tu. Bila daftari angesema, "Mashine hii hailipi." Daftari linamjibu: mashine inalipa, ila shilingi 15,000 zimekwenda nyumbani. Si vibaya kula faida yako. Vibaya ni kuila bila kujua, mpaka siku kinu kinapoharibika na fedha ya kununua kingine haipo.

Mteja akielewa ukurasa mmoja kama huu, hatauliza tena kwa nini akulipe "kwa kuandika tu".

7. UTATOZA KIASI GANI?

Watunza hesabu wengi wapya huona haya kutaja malipo. Matokeo yake hulipwa soda na ahadi. Tumia hesabu kupata bei yako.

Kwanza, kadiria saa utakazotumia. Tuseme duka litakuchukua saa 2 kila wiki. Kwa wiki nne ni saa 8, yaani siku moja ya kazi kwa mwezi. Pili, jiulize kibarua cha siku moja hapa kijijini hulipwa kiasi gani. Tuseme ni shilingi 8,000. Tatu, ongeza gharama za daftari, kalamu na nauli. Tuseme ni shilingi 2,000. Basi bei yako isiwe chini ya shilingi 10,000 kwa mwezi kwa duka hilo. Chini ya hapo, ni afadhali ukalime.

Ukishapata bei, kubalianeni kwa maandishi. Karatasi moja inatosha. Andikeni kazi utakayofanya, siku utakazokuja, malipo, tarehe ya kulipwa, na kwamba hutatoa siri. Nyote wawili mtie saini, kila mmoja abaki na nakala yake. Mtunza hesabu asiyeandika makubaliano yake mwenyewe, nani atamwamini aandike ya wengine?

8. VIKUNDI VYA KUWEKA NA KUKOPA

Vikundi hivi, vikiwamo VICOBA, vimeenea katika vijiji vyetu. Vingi huweka fedha katika sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Mwandishi wa kikundi kwa kawaida ni mwanachama aliyechaguliwa. Usitake kumnyang'anya nafasi yake. Nenda kama msaidizi, na wakati mzuri wa kwenda ni kabla ya siku ya mgao.

Siku ya mgao ndiyo siku ya furaha, na ndiyo siku ya ugomvi. Wapo waliovunja undugu siku hiyo kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza hesabu. Tazama mfano. Kikundi kimeuza hisa 1,000 kwa shilingi 2,000 kila moja. Wanachama wameweka shilingi 2,000,000. Kwa sababu ya riba za mikopo, sanduku sasa lina shilingi 2,300,000, na mikopo yote imerudi. Gawanya 2,300,000 kwa 1,000. Kila hisa ni shilingi 2,300. Mwenye hisa 40 aliweka shilingi 80,000, atapata shilingi 92,000. Mwenye hisa 10 aliweka 20,000, atapata 23,000.

Ukiweza kuandika hesabu hii ubaoni, mbele ya wanachama wote, na kila mmoja akaona fungu lake limetoka wapi, umefungua mlango. Katika kikundi hicho wamo wenye maduka, wenye mashine na wanunuzi wa mazao. Wote wamekuona ukifanya kazi. Tangazo gani litashinda hilo?

Tena kuna vikundi vinavyoomba mkopo wa halmashauri. Kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ukipatikana ni lazima urudishwe, na kikundi kinapaswa kujua kila wakati kimelipa kiasi gani na kimebakiza kiasi gani. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ujitambulishe. Yeye anavifahamu vikundi, na anajua kipi kimekwama kwa kukosa hesabu.

9. MTEJA AKIOGOPA KODI

Mweleze ukweli. Katika nchi yetu, mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu amewahi kulipa zaidi kuliko mwenye kumbukumbu. Chukua viwango vilivyowekwa mwaka 2019. Mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka yalizidi shilingi milioni 4 na hayakuzidi milioni 7, kama hakuwa na kumbukumbu, alitozwa shilingi 100,000. Kama alikuwa na kumbukumbu, alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.

Tuhesabu. Duka limeuza shilingi milioni 6. Kilichozidi milioni 4 ni milioni 2. Asilimia 3 ya milioni 2 ni shilingi 60,000. Mwenye daftari alilipa 60,000. Jirani yake mwenye mauzo yale yale, asiye na daftari, alilipa 100,000. Tofauti ni shilingi 40,000.

Viwango vya kodi hubadilika Bunge linapopitisha sheria mpya ya fedha. Kwa hiyo kabla ya kumtajia mteja kiwango chochote, uliza kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya wilaya yako. Usikisie. Neno moja la uongo kuhusu kodi linaweza kumletea mteja faini, na wewe ukapoteza jina.

10. MAMBO MATATU YA KUKATAA

Sasa tunafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Unaweza kupata wateja watano kwa mwaka mmoja na kuwapoteza wote kwa siku moja.

La kwanza, kataa kushika fedha. Mteja akikuamini atakuambia, "Chukua hizi, nipelekee benki," au "Kaa na sanduku mpaka nirudi." Mjibu kwa heshima kwamba kazi yako ni kuandika. Anayeandika fedha na kuzishika yeye mwenyewe hana wa kumshuhudia. Zikipungua, hata kama hukuzigusa, utaitwa mwizi.

La pili, kataa kuandika madaftari mawili. Atatokea mtu atakayetaka daftari moja la kweli la kwake, na jingine la uongo la kuonyesha wengine. Huenda ni la kuonyesha TRA, au mwenzake katika biashara, au mke wake. Au kiongozi wa kikundi atakuomba uandike matumizi ambayo hayakufanyika, ili kuziba fedha alizokula. Atakuahidi malipo mazuri. Jiulize: siku mambo yakifichuka, nani ataulizwa kwanza? Ataulizwa yule ambaye mwandiko wake umo kitabuni. Zaidi ya hayo, fedha hizo ni za mama aliyeuza ndizi gulioni apate kununua hisa moja. Kalamu yako isishiriki kumwibia.

La tatu, kataa kutoa siri. Ukimtunzia hesabu mwenye duka mmoja, usimweleze mwingine, hata kwa utani, hata nyumbani kwako. Mtu akikuuliza, "Fulani anaingiza kiasi gani?" jibu, "Hesabu za mtu siwezi kuzisema." Yule aliyeuliza ataondoka bila jibu, lakini atakuwa amejua jambo moja: kwamba akikupa hesabu zake, na zake hutazisema. Huenda akawa mteja wako mwezi ujao.

11. JUA MIPAKA YAKO

Kutunza kitabu cha fedha si sawa na kukagua hesabu. Mwaka 1972 ilitungwa Sheria ya Usajili wa Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, nayo ndiyo iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa kifupi NBAA. Kukagua hesabu na kuzithibitisha kwa saini ni kazi ya waliosajiliwa na Bodi hiyo. Vyama vya ushirika vina shirika lao la ukaguzi, COASCO, lililoundwa mwaka 1982.

Kwa hiyo usijiite mkaguzi wala usiweke saini ya kuthibitisha hesabu za mwaka. Wewe ni mtunza daftari. Mkaguzi akija, kazi yako ni kumpa madaftari safi na stakabadhi zilizopangwa. Ukitaka kusonga mbele, NBAA ina mitihani ya ngazi za chini za uhasibu. Elimu haina mwisho.

Nawe ni mfanyabiashara kama wengine. Nenda TRA upate namba ya mlipakodi. Hutolewa bila malipo. Uliza pia halmashauri kama kazi yako inahitaji leseni. Mtu anayewahimiza wengine wafuate utaratibu aanze yeye.

12. MTEJA WA PILI NA WA TATU

Ukimaliza miezi mitatu na mteja wa kwanza, kaa naye. Muulize mambo mawili. "Kazi yangu imekusaidia nini?" na "Je, kuna mtu unayemfahamu anayehitaji kazi kama hii?" Akikutajia mtu, mwombe akupeleke mwenyewe, au akupe ruhusa ya kumtaja. Neno la mteja mmoja aliyeridhika lina uzito kuliko maneno yako mia moja.

Waweza pia kumwomba mwenyekiti wa kijiji akupe dakika tano katika mkutano mkuu wa kijiji, kwenye mengineyo. Usijisifu. Eleza kazi unayofanya, mahali unapopatikana na siku zako. Kisha keti.

Usichukue wateja wengi kuliko uwezo wako. Mwenye wateja wanne ambao madaftari yao yote yameandikwa mpaka leo ni bora kuliko mwenye wateja kumi ambao madaftari yao yamelala mwezi mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

MWISHO

Ndugu msomaji, kazi hii haitaki mtaji mkubwa. Inataka daftari, kalamu, rula na mkono usiochoka. Lakini inataka kitu ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni kuaminiwa. Kijiji kinakutazama unavyolipa madeni yako, unavyotimiza ahadi, na unavyonyamaza unapojua jambo la mtu. Hayo ndiyo yatakayokuletea mteja wa kwanza. Daftari safi ndilo litakalokuletea wa pili.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja watu watano katika kijiji chenu ambao wanahitaji kutunziwa hesabu. Yupi angefaa kuwa mteja wa kwanza? Kwa nini?
2. Kwa nini mtunza hesabu hapaswi kushika fedha za mteja?
3. Kiongozi wa kikundi anakuomba uandike kwamba mlinunua dawa ya kuku ya shilingi 50,000, na wewe unajua haikununuliwa. Utamjibu nini?
4. Kibarua cha siku moja kijijini kwenu hulipwa kiasi gani? Kadiria malipo ya kutunza hesabu za duka moja kwa mwezi.

ZOEZI

Duka lilianza siku na salio la shilingi 15,000. Liliuza bidhaa za shilingi 42,000. Lilinunua sukari na sabuni kwa shilingi 30,000. Nauli ya kuleta bidhaa ilikuwa shilingi 4,000. Mwenye duka alichukua shilingi 5,000 za nyumbani. Andika kitabu cha fedha cha siku hiyo. Salio ni kiasi gani? Sandukuni zimekutwa shilingi 16,500. Kuna tofauti gani, na utafanya nini?

Jibu: Salio la daftari ni shilingi 18,000. Sanduku limepungukiwa shilingi 1,500. Mtazikagua stakabadhi na kuulizana siku hiyo hiyo, kisha mtaandika mlichogundua.